Kusoma vitabu vya Mwalimu Nyerere pamoja na tarehe zake: siasa ya ndani, mambo ya nje na swali la ridhaa

Kila inapofika Oktoba 14, maneno ya Mwalimu Julius Nyerere hurudi redioni, magazetini na katika majukwaa ya siasa, na kila upande hupata humo kauli ya kuutetea. Anayetaka shirikisho la Afrika Mashariki hunukuu, anayeulinda Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hunukuu, na anayepinga mikopo ya nje naye hunukuu. Mara nyingi nukuu hizo hutolewa bila mwaka, bila kutajwa mahali ziliposemwa wala jambo lililokuwa limetokea majuma machache kabla. Mtu aliyeandika kwa zaidi ya miaka arobaini, akibishana na wakoloni, na viongozi wenzake wa Afrika, na mara nyingine na chama chake mwenyewe, anabaki kuwa chimbuko la misemo isiyo na historia.

Vitabu vyake havikuandikwa kwa ajili hiyo. Karibu kila andiko lililomo ni jibu kwa tukio fulani, na lilitolewa wakati ambapo uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa au ulikuwa unakaribia kufanywa. Ninachotaka kufafanua hapa ni kwamba siasa yake ya ndani na siasa yake ya nje zilitoka katika chemchemi moja yenye maswali mawili: je, binadamu wote ni sawa, na je, wanaotawaliwa wameridhia? Anayesoma huku ameyashika maswali hayo ataona mantiki inayoviunganisha vitabu hivi, na ataona pia, bila kuhitaji kuazima kipimo cha mtu mwingine, ni wapi mwandishi mwenyewe hakukifikia kipimo alichokiweka.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Vitatu vilivyo vikubwa vilichapishwa na Oxford University Press: Uhuru na Umoja, kinachokusanya maandishi na hotuba za 1952 hadi 1965, Uhuru na Ujamaa, cha 1965 hadi 1967, na Uhuru na Maendeleo, cha 1968 hadi 1973. Ingawa majalada yana majina ya Kiswahili, maandishi ya ndani ni ya Kiingereza, na katika kuyaandaa Mwalimu alisaidiwa kwa miaka mingi na katibu wake, Joan Wicken. Kwa msomaji wa Kiswahili vilitolewa vitabu vidogo, kama kile cha Ujamaa na kile cha Binadamu na Maendeleo, ambavyo uzito wake mkubwa uko katika mambo ya ndani: familia, kazi, kijiji, elimu, uongozi. Hotuba nyingi kuhusu Rhodesia, Ureno, Biafra au nchi zisizofungamana na upande wowote zilitolewa kwa Kiingereza kwa sababu waliokusudiwa walikuwa London, Toronto, Lusaka na New York. Kwa hiyo Watanzania wengi walimfahamu Mwalimu wa ujamaa kwa undani, huku Mwalimu wa mambo ya nje wakimsikia kwa muhtasari wa taarifa ya habari. Mgawanyiko huo wa hadhira ndio uliozaa dhana kwamba kulikuwa na Nyerere wawili, mmoja wa vijijini na mmoja wa mikutano ya kimataifa. Vitabu vyenyewe vinaikanusha dhana hiyo.

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Ni kanuni ya chama cha ndani ya nchi, lakini tayari imebeba sera ya nje. Oktoba 1959, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yao na kuleta tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Leo maneno hayo husikika zaidi katika sherehe za Mwenge wa Uhuru, na ni rahisi kusahau kwamba yalisemwa na mtu ambaye hakuwa na jeshi, wizara ya mambo ya nje, wala hata bendera. Machi 1961, miezi tisa kabla ya uhuru, aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika haiwezi kuingia Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi itaendelea kuwa mwanachama. Kuichagua moja ni kuikataa nyingine. Siku chache baadaye Afrika Kusini ilijitoa. Sababu hazikuwa makala hiyo peke yake, lakini msomaji aone muundo wa hoja: ubaguzi wa rangi haukuwa jambo la ndani la Afrika Kusini, kwa sababu uliwatukana watu wa Tanganyika walipokuwa majumbani mwao.

Hoja ya namna hiyo haina gharama kabla ya uhuru. Gharama ilikuja baadaye, na kurasa zinazoeleza gharama hiyo ndizo ninazoziona kuwa bora kuliko zote katika juzuu ya pili.

Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Serikali mpya ilirithi tatizo. Zanzibar ya Mapinduzi ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani Mashariki, wakati Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na msimamo wa kuikatia urafiki nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ile nyingine. Tanzania ilitafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki iwe na konseli kuu Dar es Salaam bila kutambuliwa kikamilifu kama dola. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilijibu kwa kuondoa ghafla msaada wake wa mafunzo ya kijeshi. Nyerere naye alijibu kwamba, ikiwa msaada unatumiwa kama fimbo, basi waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Mwezi Desemba mwaka huohuo likaja la Uingereza. Ian Smith alikuwa ametangaza uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) wa walowezi wachache Novemba 11, na mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakaazimia Addis Ababa kwamba, kama Uingereza haitauzima uasi huo hadi Desemba 15, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, ni nchi chache tu zilizotekeleza. Tanzania ilikuwa mojawapo, na kwa uamuzi huo ulipotea mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ambao ulikuwa umekwisha kukubaliwa.

Hotuba aliyoitoa Bungeni Desemba 14, 1965 inastahili kusomwa nzima, kwa sababu haina matusi kwa Uingereza. Anaeleza kwa utaratibu kile ambacho Uingereza iliahidi, kile ilichoshindwa kufanya, na kisha anaigeukia Afrika yenyewe: je, viongozi hukutana na kuazimia ili wasikike tu, au wanamaanisha wanachokisema? Kwake suala lilikuwa heshima ya Afrika, na heshima hiyo haikuweza kuachwa mikononi mwa wale walioona kuwa gharama ni kubwa. Hata hivyo Tanzania haikutoka katika Jumuiya ya Madola, na uhusiano ulirudishwa mwaka 1968. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hata sasa, kwamba nchi maskini ilipoteza fedha bila kumng'oa Smith. Ni kweli kwamba Smith hakung'oka kwa hatua ile. Lakini waraka wa Juni 1966 kuhusu misingi na maendeleo, ambamo Mwalimu anayapitia matukio hayo yote, unajibu bila kuficha hasara: anakubali kwamba maendeleo yalicheleweshwa, kisha anauliza ni maendeleo ya nani na kwa ajili gani, ikiwa nchi italazimika kuomba ruhusa kabla ya kusema inachokiamini.

Hapo ndipo Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 linapopata maana ambayo hupotea linapofundishwa kama hati ya kutaifisha mabenki na viwanda tu. Sehemu ndefu ya Azimio inahusu fedha za nje. Inasema kwamba tumechagua fedha kuwa silaha yetu na hali hatuna fedha, kwamba misaada haitatosha hata kama kila nchi tajiri ingekuwa na moyo safi, na kwamba uhuru wa taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine si uhuru kamili. Anayesoma kurasa hizo huku akikumbuka Ujerumani Magharibi na Uingereza za 1965 anatambua kwamba kujitegemea hakukuwa nadharia iliyotungwa mezani. Lilikuwa somo lililotoka katika miezi ishirini na minne ya kuona jinsi msaada unavyoweza kuondolewa kwa simu moja. Azimio ni hati ya mambo ya nje kama lilivyo hati ya uchumi, na tunalipunguza tunapolisoma kwa jicho moja.

Oktoba 1967, katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Mwanza, Nyerere alieleza sera ya mambo ya nje kwa wanachama. Kiini chake kilikuwa kwamba Tanzania inataka urafiki na wote, na kwamba haitawaruhusu marafiki zake kuichagulia maadui. Kauli hiyo ilikuwa na shabaha ya wazi. Uchina ilikuwa imekubali, mwezi mmoja tu kabla, kusaidia kujenga reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema mradi huo hauna faida. Reli hiyo, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Na Oktoba 1969, katika Chuo Kikuu cha Toronto, aliwaambia wasikilizaji wa nchi mwanachama wa NATO jambo wasilolipenda: kwamba wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Rhodesia wangependelea amani, lakini mlango wa amani umefungwa kwa komeo, kwamba silaha wanazipata Mashariki kwa sababu Magharibi inawanyima na inamuuzia Mreno, na kwamba ikiwa vita hivyo vitakuja kuonekana kuwa vita vya ukomunisti, walioviita hivyo ndio watakaokuwa wamevifanya viwe hivyo. Sijui hotuba nyingine ya kiongozi wa Afrika wa miaka ile inayoeleza hoja hiyo kwa utulivu wa kiasi kile.

Lakini mtu asidhani kwamba alikuwa mnyenyekevu kwa Mashariki. Mapema miaka ya 1960 alikwisha kuonya kuhusu kinyang'anyiro cha pili cha kuigawana Afrika, na katika onyo lile aliziweka nchi tajiri za kijamaa kwenye fungu moja na nchi tajiri za kibepari, kwa kuwa zote zilianza kuutumia utajiri kutafuta nguvu na fahari. Utangulizi wa Uhuru na Ujamaa unawakosoa pia wale wanaovisoma vitabu vya Marx na Lenin kama maandiko matakatifu, wakitafuta humo jibu la kila jambo la Afrika.

Mada ya umoja wa Afrika ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na nukuu zisizo na tarehe. Juni 1960, huko Addis Ababa, Nyerere alisema kwamba yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi yake, Kenya na Uganda zipate uhuru pamoja zikiwa shirikisho. Sababu aliyotoa ni ya mtu anayefahamu tabia za watu wenye vyeo: kila nchi ikishapata bendera yake, wimbo wake na rais wake, wapo watakaokuwa na maslahi katika utengano. Shirikisho halikuja. Juni 1963 viongozi watatu, Kenyatta, Obote na Nyerere, walitangaza Nairobi nia ya kuungana ndani ya mwaka huohuo, na mwaka ukaisha mikono mitupu.

Mwaka uliofuata, Julai 1964 mjini Cairo, mtu huyohuyo alipendekeza azimio lililowataka wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Somalia na Morocco hazikulikubali, na Kwame Nkrumah, aliyetaka serikali moja ya bara zima, alikuwa akivutana naye vikali kuhusu njia ya kuufikia umoja. Anayesoma azimio hilo peke yake atasema Nyerere aliutetea urithi wa wakoloni. Anayelisoma pamoja na hotuba ya 1960 ataona kwamba hofu yake ilikuwa vita: mipaka haina maana, na kwa kuwa haina maana, anayeanza kuirekebisha kwa nguvu hatajua pa kusimama. Julai 1966, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Zambia, alilikabili tatizo hilo waziwazi zaidi kuliko kiongozi mwingine yeyote wa wakati wake. Alisema kwamba kila kiongozi anayeamini umoja wa Afrika anatakiwa, kwa kazi yake ya kila siku, kuijenga nchi yake, kuwapa watu wake uzalendo wa nchi hiyo na uchumi wa nchi hiyo. Na kwamba kila anapofanikiwa katika kazi hiyo anaongeza jiwe katika ukuta unaomtenganisha na jirani. Hakujidai kuwa na jibu rahisi. Alitaka tu wasikilizaji wake wajue kwamba muda unavyopita ndivyo njia inavyozidi kufungwa.

Ndipo ikaja Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililotangaza kujitenga. Aprili 13, 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua, na majuma mawili baadaye Nyerere akaeleza sababu katika gazeti lilelile la Observer.  Mtu aliyependekeza azimio la mipaka sasa alikuwa anaitambua nchi iliyojitenga. Wengi walimshutumu kwa unafiki, na Serikali ya Nigeria ilikasirika, kama ilivyokuwa haki yake kukasirika. Hoja yake hata hivyo haikuwa kwamba mipaka ivunjwe. Alisema kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya dola. Kwamba maelfu ya Waigbo walikuwa wameuawa kaskazini mwaka 1966 na wengine wakakimbilia mashariki bila ulinzi wa taifa lao. Na kwamba watu walioamini kwa sababu za kweli kwamba hawana usalama ndani ya nchi hawawezi kushikiliwa humo kwa mabomu. Umoja, alisisitiza, hauwezi kuwa na msingi mwingine ila ridhaa ya wanaoungana. Naye akaipeleka hoja hiyo nyumbani kwake: mwaka huohuo aliliambia gazeti hilohilo kwamba, kama umma wa Zanzibar, bila kuchochewa kutoka nje na kwa sababu zao wenyewe, utaona kuwa Muungano unawadhuru, yeye hataweza kutetea kuwapiga mabomu ili wabaki.

Naomba msomaji alihifadhi jambo hilo, maana tutalihitaji.

Biafra ilishindwa Januari 1970, na kwa upande wa diplomasia Tanzania ilikuwa imeshindwa pamoja nayo. Kwa maoni yangu uamuzi ule unaweza kupingwa kwa sababu nzuri, mojawapo ikiwa kwamba kuitambua nchi hakukuwapa wenye njaa chakula wala hakukusimamisha risasi. Lakini ni katika uamuzi huo ambapo ridhaa, iliyokuwa imejificha nyuma ya usawa katika maandishi ya mwanzo, inatokeza mbele na kuwa kipimo. Na kipimo kikishatolewa hadharani hakimchagui wa kupimwa.

Mpime mwandishi mwenyewe, basi. Waraka wa Oktoba 1968 uliolipa jina juzuu la tatu unasema kwamba watu hawawezi kuendelezwa, wanaweza tu kujiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa na watu wasiotaka. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kubomolewa nyumba zao. Juzuu la tatu linaishia 1973. Msomaji wa vitabu hivi vitatu pekee anabaki na kijiji cha hiari kilichomo katika waraka, wala hakutani na operesheni. Vivyo hivyo kuhusu Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyoiwezesha Serikali kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani: hoja za chama kimoja zimeelezwa kwa ufasaha mkubwa katika juzuu ya kwanza, lakini waliokaa magerezani kwa sheria ile hawana sauti humo. Abdulrahman Babu, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Zanzibar na kisha waziri wa Muungano, alishikiliwa kutoka 1972 hadi 1978. Sisemi hivyo ili kumshusha Mwalimu. Nasema kwa sababu mkusanyiko wa hotuba unaonyesha sababu alizozitoa mtawala, na haki ya mtawaliwa inabidi itafutwe kwingine.

Pengo hilo lilichukua muda mrefu kuzibwa. Kijitabu cha 1977 kilichotathmini miaka kumi ya Azimio ni cha uaminifu wa kushangaza, kwa kuwa kinasema wazi kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijitegemei. Lakini vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, kwa mfano, Watanzania wanavikumbuka kwa sikio: hotuba ya Novemba 1978 yenye uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo iliishi redioni na katika kanda. Mwaka 2011 ndipo Oxford ilipotoa juzuu nyingine tatu za hotuba za 1974 hadi 1999, zikihusu ukombozi, kutofungamana na upande wowote na ushirikiano wa Kusini, na utaratibu mpya wa uchumi wa dunia.

Upande wa uchumi wa mambo ya nje nitaupitia kwa kifupi, ingawa ulimchukulia miaka mingi. Hotuba ya Khartoum ya Januari 1973 inatoa hoja yake kwa ukamilifu: nchi maskini inayochagua ubepari haina mabepari wake wa kutosha, kwa hiyo inachagua mabepari wa nje, na maamuzi makubwa yatahamia huko waliko. Mantiki ni nzito, lakini ilikuwa na tundu ambalo miaka ya 1970 ililipanua, kwa kuwa mashirika ya umma yaliyoundwa kuilinda nchi yaliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili, na Tanzania ya kujitegemea ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi. Katika salamu za mwaka mpya kwa mabalozi, Januari 1980, aliuliza ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanywa kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Swali lilikuwa halali, na hazina ilikuwa tupu. Baada ya kung'atuka mwaka 1985 aliongoza Tume ya Kusini, ambayo katibu wake mkuu alikuwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa India. Ripoti yao ya 1990 iliipeleka hoja ya kujitegemea kutoka taifa moja hadi kundi zima la nchi maskini.

Kitabu cha mwisho ninachotaka kukijadili ni kifupi kuliko vyote, kiliandikwa kwa Kiswahili, na kilichapishwa Harare mwaka 1994 na Zimbabwe Publishing House: Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Wengi hukiweka katika fungu la siasa za ndani. Kilianzia hata hivyo katika jambo la nje. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, wakati Katiba inayahesabu mambo ya nje kuwa jambo la Muungano. Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, lakini kabla ya vumbi kutulia wabunge waliojulikana kama G55 walikuwa wamepeleka hoja ya kuundwa Serikali ya Tanganyika, na Bunge likaikubali. Kitabu kinaulaumu uongozi wa juu, na hasa Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM, chama kilichoirithi TANU, Horace Kolimba, kwa kuigeuza sera ya chama ya serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, bila wanachama kuulizwa. Ukali wake huwashtua wasomaji waliozoea utulivu wa hotuba za Toronto na Lusaka, na una sababu: aliamini kwamba Serikali ya Tanganyika ingeua Muungano, na kwamba Muungano ndio ushahidi pekee uliobaki wa umoja wa Afrika uliotekelezwa.

Hapa ndipo makala ya 1968 na kitabu cha 1994 vinapopaswa kuwekwa pamoja mezani. Kwa Biafra, ridhaa ya watu ilikuwa na uzito kuliko mipaka ya dola. Kwa Tanganyika, anatumia ridhaa ileile kuwahoji viongozi: nani aliwauliza wananchi kabla ya kubadili sera? Ni swali zuri, na mwaka 1994 CCM ilikwenda kuwauliza wanachama wake, wengi wakajibu serikali mbili. Lakini swali hilo linarudi pia hadi Aprili 1964. Hati za Muungano zilitiwa saini na Nyerere na Karume Aprili 22, Muungano ukaanza siku nne baadaye, na wananchi wa pande zote mbili hawakupigia kura. Hotuba yake Bungeni ya Aprili 25, iliyomo katika Uhuru na Umoja, inautetea Muungano kwa udugu, jiografia, historia na lugha. Hayo yote yalikuwa kweli, ila ridhaa ya moja kwa moja ya wananchi haikuwa miongoni mwa sababu alizozitoa.

Tume ya Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu katika Serikali ya Mwalimu, ilipendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu, na Bunge Maalumu la mwaka uliofuata likarudi kwenye mbili. Katika mjadala ule kila upande ulimtaja Nyerere. Atakayependa kuufuatilia kwa vitabu vyake asianze na kile cha Harare, ambacho kinasisimua kwa ukali wake na humfanya msomaji achague upande mapema. Aanze na hotuba ya Aprili 25, 1964, aende kwenye ile ya Zambia ya 1966, kisha makala ya Biafra, ndipo afungue Uongozi Wetu. Kwa mpangilio huo atamkuta mtu aliyekuwa akijibishana na maneno yake mwenyewe kwa miaka thelathini, na atajua ni swali gani katika hayo ambalo Watanzania hawajapewa nafasi ya kulijibu kwa kura.